Herufi Kongwe Kuliko Mahindi

Arpine, mshauri wa vinasaba, hunoa penseli kabla ya kusema.
Babu zake walikuja Fresno kuanika zabibu, kama sisi,
ila wao walipata mashamba, sisi tulipata trei.
Anachora ngazi iliyosokotwa
na kwenye kipago kimoja anatia nukta.
"Hapa. Wengine wana herufi ile, mwanenu ana hii.
Moja yako, Eleuterio. Moja ya mama yake."
Eufrasia anaitazama nukta
kama doa kwenye shati la shule:
sabuni gani italitoa?

Ilianza na michubuko. Mimi nilidhani mpira.
Mwalimu wake alidhani mimi.
Siku nne nilichuma zabibu na macho yake mgongoni,
mpaka maabara ikanisafisha
kwa jina ambalo ningelipa chochote nisilijue.

Nilikuwa na washukiwa wangu:
ile dawa inayopuliziwa alfajiri, sisi tukiwa tayari mistarini;
maji ya bomba la kambi, yenye ladha ya msumari.
Mke wangu alikuwa na mshukiwa mmoja tu, yeye mwenyewe:
usiku ule mwezi ulipoliwa, mimba ya miezi saba,
alitoka nje kuanua nguo
bila pini tumboni.
Arpine hakucheka. Kuhusu dawa alisema "huenda",
kuhusu maji "sijui",
kuhusu mwezi alimshika mkono.

Kisha akatueleza habari ya kadi.
Siku Ildefonso alipozaliwa walimchoma kisigino,
matone matano kwenye karatasi, yakawekwa kwenye baridi.
Juzi wameitoboa, tundu dogo kama la tiketi,
na seli iliyopotoka ilikuwemo tayari,
moja kati ya maelfu, imelala.
Kwa hiyo ilikuwepo kwenye ubatizo.
Ilikuwepo tulipochinja bata mzinga,
ilikuwepo aliposema neno lake la kwanza, "savi", mvua,
kwa lugha ya mama yangu.

Herufi siyo ugonjwa, anasema Arpine, anarudia.
Wengi mno wanayo na wanazeeka nayo.
Ni mlango ulioegeshwa tu; lazima kitu kingine kiusukume.
Kitu gani?
Penseli inasimama.

Mama yangu anayo, basi, huko milimani,
miaka sabini na tisa, bado anabeba kuni.
Na mama yake alikuwa nayo, na wale wa nyuma yake,
waliotembea kabla mahindi hayajawa mahindi,
wakiibeba bila kuhisi uzito.
Damu nzito kuliko maji, watu husema.
Mimi sasa najua uzito wake kwa mililita,
muuguzi anausoma kwa sauti saa nane za usiku.

Wameongeza awamu moja ya matibabu.
Watoto wenye asili kama yetu
ugonjwa huwarudia zaidi wasipoongezewa.
Walijuaje? Mtu fulani, mahali fulani,
alikubali kunyoosha mkono.
Arpine anasukuma fomu. Daftari lao limejaa damu ya wengine;
ya watu wa mvua, kurasa chache.
Natia sahihi. Sindano si kitu,
nyigu wa mizabibu ni wakali zaidi.

"Na Yuridia?" nauliza. Binti yetu ana miezi mitano.
Eufrasia anamfunika miguu kwa shali.
"Huyu alishachomwa kisigino mara moja. Inatosha."
Hakuna anayebishana naye, hata Arpine.

Nje, mawingu yamekusanyika juu ya trei.
Sisi, watu wa mvua,
tunaoomba kila Septemba isinyeshe.
Ildefonso ameamka, kipara, midomo imekauka,
ananyooshea dirisha kidole.
"Savi," anasema,
na bado hakuna tone lililoanguka.